Jeli ya mti: selulosi au hemiselulosi?

Mbao zina polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari, za aina mbili zinazofaa kutengenezea hidrojeli, yaani kitu laini kinachoshika maji yasimwagike. Ya kwanza ni selulosi. Rojo la mbao likisukumwa kwa shinikizo kubwa kupitia tundu jembamba, mara kadhaa, nyuzi zake huchanika hadi jicho haliwezi kuziona. Hapo ndipo ajabu ilipo: asilimia 2 tu ya nyuzi hizo inatosha kuyashika maji asilimia 98. Pindua chupa, jeli inabaki palepale. Nyuzi zimesokotana zenyewe, hazihitaji kemikali ya kuziunga. Tatizo ni umeme unaoliwa na mashine. Akira Isogai na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo waliupunguza sana mzigo huo kwa kuzipa nyuzi chaji ya umeme kwanza, ili zisukumane na kuachana kwa urahisi, wakitumia kichocheo kiitwacho TEMPO.

Hemiselulosi ina tabia nyingine. Mti wa spruce, unaojaa misitu ya Ufini na Uswidi, una galaktoglukomanani, aina ya hemiselulosi ambayo huyeyuka katika maji ya moto. Sehemu yake hupotea na maji ya viwanda vya karatasi, jambo linalonisikitisha. Ila minyororo ya molekuli zake ni mifupi. Bila kuungwa kwa kemikali hubaki kama uji mwepesi.

Kwa kukuzia seli maabara ningeanza na selulosi. Kwa kuachilia dawa polepole naipendelea hemiselulosi: viunganishi vya kemikali kati ya minyororo vikiwa vichache jeli huvimba sana, vikiwa vingi hukaza.