Nimeweka OpenWrt kwenye rauta ya steshenari yangu Kihesa

"Dada, mtandao umeganda." Misimu miwili ya maombi ya mkopo nimeisikia kauli hiyo kutwa nzima. Nina steshenari Kihesa, Iringa: kompyuta sita zinazotegemea laini moja ya simu. Mwanachuo mmoja akianza kupandisha vyeti alivyoskani, wenzake wote wanabaki kutazama kiduara kikizunguka.

Huu ni mwezi wa nne natumia OpenWrt. Ni mfumo huria wa kuendeshea rauta, kile kifaa kinachogawa intaneti kwa kompyuta, nao umejengwa juu ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta. Unaondoa ule uliokuja na kifaa, unaweka huu. Wateja huniuliza maana ya jina, nami napenda kulieleza. Herufi WRT zimetoka kwenye WRT54G, rauta ya Linksys ya rangi ya bluu na nyeusi. Ilipobainika kwamba ndani yake mna Linux, leseni ya Linux, iitwayo GPL, ikadai msimbo utolewe hadharani, ukatolewa, na mwaka 2004 mradi huu ukaanza juu ya msimbo huo. Zamani matoleo yake yalipewa majina ya vinywaji. La 2015 liliitwa Chaos Calmer, yaani mtuliza vurugu, na ukiingia kwa terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, unakuta namna ya kukichanganya kinywaji hicho: jini, maji ya ndimu, maji ya machungwa. Siku hizi ni namba za mwaka na mwezi. Langu ni 23.05, na mimi naziona namba bora, maana najua mara moja kama nimechelewa kusasisha.

Kilichoniokoa hasa ni kifurushi cha SQM, programu ya nyongeza inayopanga foleni ya data. Fikiria mashine ya kusaga: mwenye magunia kumi akitangulia, aliyekuja na kisado cha mahindi atasubiri mpaka jioni. Rauta yangu ya awali ilisaga hivyo. SQM inamsagia kila mtu kidogo kidogo kwa zamu, kwa hiyo mwenye kisado anaondoka mapema. Nilipima laini nikapata megabiti 18 kwa sekunde, nikaweka kikomo cha 15. Zamani mtu akipandisha faili, pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, ilipita milisekunde 900. Sasa inacheza kwenye 70.

Nilipata taabu pia. Baada ya kuweka mfumo waifai haikuonekana kabisa, nikadhani nimeua kifaa. Kumbe huwa imezimwa, unaunganisha waya na kuiwasha mwenyewe kupitia ukurasa wa rauta, unaoufungua kwenye kivinjari kwa anwani 192.168.1.1. Kabla ya kununua rauta kuukuu, soma lebo ya chini mpaka namba ya toleo la kifaa, kisha uitafute kwenye orodha ya mradi. Zenye hifadhi ya megabaiti 4 achana nazo, matoleo mapya hayaziingii.

Na laini ya simu haitulii. Mvua ikinyesha sana, kasi ya laini inashuka, hapo naingia kwenye ukurasa wa SQM napunguza kikomo mpaka 8. Wanafunzi wanaendelea kujaza fomu.