Traka ya gari Unguja na Pemba: ipi ununue, na ifungwe vipi

Mwenye gari ya kukodisha wageni Paje au Nungwi, mwenye Noah ya abiria na mwenye Vitz ya kwendea kazini hawahitaji traka, yaani kifaa kinachoonyesha kwenye simu gari ipo wapi, ya aina moja. Ila wote watatu hukosea pahala pamoja. Hutumia siku nyingi kulinganisha visanduku, kisha humkabidhi gari yeyote atakayemaliza kazi upesi. Traka nyingi zinazoitwa mbovu ni nzima kabisa. Waya zake zimesokotwa zikazungushiwa teipu, au zenyewe zimepachikwa nyuma ya bati, au laini ya simu iliyo ndani imefungwa kwa kutotiwa salio. Kwa hiyo tumezipanga hapa kuanzia bora hadi duni kwa kuangalia kifaa pamoja na kazi ya fundi.

1. Traka ya waya yenye rilei

Hii ndiyo ya kununua kwa gari yoyote inayokabidhiwa mtu mwengine: mgeni, dereva au jamaa. Inajificha ndani ya dashibodi, inakula umeme wa gari, ina betri yake ndogo ya akiba, na kwa rilei, swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, inaweza kuizuia gari isiwake kwa amri ya simu. Waya zake za lazima ni nne: mwekundu wa umeme wa kudumu, mweusi wa bodi, mmoja wa kusoma swichi ya funguo, na mmoja wa kuendesha rilei. Rangi za hizi mbili za mwisho hutofautiana, kwa hiyo fundi asome karatasi ya kifaa hichohicho.

Betri ya akiba itazame kwa makini. Traka ya Teltonika FMB920 ina ya mAh 170 (mAh ni kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri), na ya Concox GT06N ina ya mAh 450. Mwizi mjuzi huanza kwa kuchomoa betri ya gari, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua umfuate kwa muda gani baada ya hapo. Volti nazo: GT06N inapokea 9 hadi 36 na FMB920 inapokea 6 hadi 30, kwa hiyo zote zinafaa gari ndogo ya volti 12 na hata Canter au Fuso ya volti 24. Rilei ndiyo inayosahaulika. Ile ya volti 12 ikifungwa kwenye gari ya volti 24 huungua.

Zote mbili zinatumia 2G, ambayo bado inafanya kazi visiwani na hufika hata pahala ambapo 4G inapotea. Ukipata yenye 4G inayoweza kurudi 2G, chukua hiyo, itakukalia miaka mingi zaidi. Usinunue iliyotengenezwa kwa soko la Marekani bila kusoma masafa yake: 2G ya kwetu iko kwenye MHz 900 na 1800, na kifaa cha 850 na 1900 pekee hakitashika mnara wowote hapa.

Kisha swali zito kuliko yote: rilei ikate waya gani? Mafundi wengi hukata wa pampu ya mafuta, kwa sababu mchoro wa ndani ya boksi unaonyesha hivyo. Kwa gari ya otomatiki tunashauri ukate wa starta. Pampu ikikatwa gari iko mwendoni, injini huzima, usukani huwa mzito, na breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu kabla pedali haijawa ngumu. Mgeni ambaye kwao huendesha upande wa kulia, usiku, kwenye barabara isiyo na taa, anaweza kufa kwa amri moja uliyoituma ukiwa na hasira ya kodi ya siku mbili. Starta ikikatwa, gari inayotembea inaendelea kutembea. Ikizimwa tu, haiwaki tena.

Kuna sababu ya pili, ya umeme mtupu. Waya wa pampu unapitisha umeme muda wote wa safari. Kiungo kikiwa kibaya kinapata moto, na siku moja gari inakata katikati ya njia hali hakuna aliyetuma amri. Waya wa starta unafanya kazi sekunde chache tu, na kiungo chake kikiharibika gari inagoma ikiwa imeegeshwa.

Gari ya gia za mkono ni habari nyengine, maana inaweza kusukumwa ikawaka bila starta. Hapo kata pampu, ila kwa kifaa kinachosubiri mwendo upungue. GT06N haitekelezi amri ya kukata mpaka gari iwe chini ya kilomita 20 kwa saa na iwe inajua ipo wapi. Vifaa vyengine hukata papo hapo, basi muulize muuzaji kabla ya kulipa. Dizeli ya zamani haina pampu ya umeme ya kukata, kwa hiyo fundi atafute waya wa kizimio cha mafuta au arudi kwenye starta. Aqua na Prius hazina starta ya kawaida, na zina waya za rangi ya chungwa zenye umeme wa kuua. Kwa gari hizo funga traka bila rilei, isipokuwa umempata fundi anayezijua kwa hakika.

Ufungaji wenyewe

Fundi wa kweli atachukua saa moja na nusu au mbili. Akikwambia dakika ishirini, ujue hatafungua dashibodi.

Aanze kwa mita ya umeme. Waya mwekundu uende kwenye umeme unaobaki volti 12 hata funguo ikitolewa, na wa swichi uende kwenye umeme unaokuja funguo ikifika kwenye nafasi ya kuendeshea. Akitumia umeme wa redio unaokuja kwenye nafasi ya mwanzo, traka itaandika kuwa gari inawaka kila mtu anaposikiliza muziki. Fyuzi ya ampea 2 au 3 ikae karibu na pale umeme unapochukuliwa. Ikikaa karibu na traka, kipande chote cha waya kabla yake hakina ulinzi. Waya mweusi ufungwe kwa boliti kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi.

Rilei iwe ya miguu mitano. Waya uliokatwa, wa starta au wa pampu, uingie mguu wa 30 na utoke mguu wa 87a. Mpangilio huo unaacha njia wazi rilei ikiwa imelala, yaani haijapewa amri, kwa hiyo traka ikifa gari inawaka kama kawaida. Fundi akitumia 87 badala ya 87a, kila hitilafu ya traka inakuwa gari iliyokwama. Mguu wa 86 upate umeme wa swichi, wa 85 uende kwenye waya wa amri wa traka. Rilei iwe na dayodi ndani, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, au iongezwe dayodi ya 1N4007 kati ya 85 na 86, mstari wake mweupe uelekee 86. Bila hiyo, kila rilei inapoachia hurudisha mshtuko wa umeme kwenye traka, na baada ya muda mguu wa amri unakufa ingawa ramani inaendelea kuonyesha gari. Hapo ndipo watu husema inaonyesha lakini haikati.

Viungo vyote vitiwe lehemu na kuvikwa mpira unaosinyaa kwa moto. Kwa visiwa vyetu hili halina mjadala. Hewa ya chumvi hugeuza shaba kuwa kijani, na gundi ya teipu huyeyuka kwa joto la gari iliyoachwa juani. Gari inayolala karibu na pwani, Jambiani au Kizimkazi, ikiwa na waya wa kusokotwa tu, itaanza kupoteza mawasiliano kidogokidogo, na utakuwa unalaumu mtandao.

Pahala pa kuiweka: juu ndani ya dashibodi, nyuma ya saa za mwendo au juu ya kikasha cha abiria, uso wa antena ukitazama mbinguni. Plastiki haizuii mawimbi ya setilaiti, bati linazuia. Isiwekwe chini ya zulia, kwani maji ya AC na ya masika hukusanyika huko. Isiwekwe kando ya kisanduku cha fyuzi, ambapo mwizi hutia mkono kwanza. Waya za njano za mifuko ya hewa zisiguswe kabisa, na betri ya gari itolewe kabla ya kufungua karibu nazo.

2. Traka ya waya isiyo na rilei

Kwa gari yako mwenyewe usiyomkabidhi mtu, hii inatosha, na hatusemi hivyo kwa kupunguza bei tu. Waya chache, viungo vichache, hakuna kinachogusa mfumo wa kuwasha. SinoTrack ST-901 ni ya kundi hili na imeenea sana. Udhaifu wake ni betri ya akiba, mAh 150 tu, kwa hiyo ifichwe vizuri na iunganishwe mbali na betri ya gari.

3. Ya kuchomeka chini ya usukani

Inaingia kwenye tundu la kompyuta ya gari, lile la pini 16, na haihitaji fundi. Yeyote anayelijua tundu hilo anaichomoa kwa sekunde mbili, na goti la dereva huigonga ikalegea. Inafaa kwa mzazi anayetaka kujua kijana amefika skuli salama. Kwa kukodisha haifai. Ukiinunua, ongeza waya wa kurefusha ili kifaa kijifiche ndani na tundu la nje libaki tupu.

4. Yenye umbo la rilei

Ni wazo zuri linaloharibiwa na pahala pake. Mtu akiiona anadhani ni rilei ya kawaida, ila ukiichomeka ndani ya boneti inapata joto la injini na bati la boneti juu yake. Nyingi ni za volti 12 tu. Kubali kuinunua ikiwa fundi ataivutia waya mpaka ndani ya dashibodi.

5. Ya sumaku yenye betri yake

Kwa trela, jenereta au mashua iliyopandishwa pwani, sawa. Chini ya gari inayopita barabara za mawe na maji ya bahari, haikai. Uchaguzi ni wa aina mbili tu: itume mara kwa mara betri iishe ndani ya siku au wiki, au itume mara moja kwa siku na usijue gari ilikopita.

6. AirTag na vishaufu vya Bluetooth

Hivi ni vidude vidogo vya kutafutia funguo au mkoba, na havina setilaiti wala laini. Hutegemea simu za wapita njia, na AirTag inategemea simu za Apple, ambazo huzikuti nyingi kwenye njia za Micheweni. Tena humwambia mtu aliyenayo kwamba anafuatwa, kwa hiyo mgeni mwenye iPhone ataarifiwa na simu yake mwenyewe.

Laini, akaunti na betri

Laini isajiliwe kwa jina lako na kwa alama zako za vidole. Ikiwa ya fundi, siku mkigombana umepoteza gari kwenye ramani. Chagua mtandao kwa kupita njia za gari yako na simu mbili mkononi, khasa kaskazini ya Pemba karibu na msitu wa Ngezi. Traka nzuri huhifadhi alama inapokosa mtandao na kuzituma baadaye, basi pengo fupi si janga. Data inayotumika ni ndogo, chini ya MB 30 kwa mwezi kwa kutuma kila sekunde 30. Laini isiyo na matumizi hufungwa, kwa hiyo weka siku maalumu ya kutia bando.

Dai jina na nenosiri la akaunti kuu, si la kutazamia tu. Badilisha nenosiri la kiwandani siku hiyohiyo, maana 123456 inajulikana na kila mtu. Andika namba ya IMEI, namba ya utambulisho wa traka yenye tarakimu 15, uihifadhi nyumbani. Kwenye mkataba wa kukodisha andika wazi kwamba gari ina traka.

Betri ya gari isipuuzwe. Traka isiyolala ikivuta mA 50 hula Ah 1.2 kwa siku. Betri ya Vitz ya Ah 35 itapungua nusu kwa wiki mbili, na masika, gari za kukodisha zinapoegeshwa wiki nyingi, utaikuta haiwaki. Washa hali ya kulala kwenye mipangilio, na kwa kituo kirefu toa waya hasi wa betri.

Kabla hujamlipa fundi

Zima gari, subiri, uone ramani inasema imezimwa. Toa waya wa betri, uone ujumbe wa umeme kukatwa unakuja kwenye simu yako. Rudisha, tuma amri ya kuzuia, jaribu kuwasha, tuma ya kuachia, washa tena, mara tatu mfululizo. Tazama kama kuna taa mpya kwenye dashibodi. Mwisho weka mita kwenye mstari wa betri, kati ya nguzo hasi na waya wake, gari ikiwa imezimwa na milango imefungwa, usubiri kama nusu saa vifaa vyote vilale. Ikibaki juu ya mA 50, kuna waya umekaa pasipo pake.

Kisha weka uzio wa ramani bandarini, yaani duara kwenye ramani ambalo gari ikiingia simu yako inakuarifu. Gari haitoki kisiwani bila chombo, kwa hiyo duara la mita 300 kuzunguka bandari ya Malindi kwa Unguja, na Mkoani na Wete kwa Pemba, ndiyo kengele ya kwanza ya kuweka. Usilifanye dogo zaidi ya hapo: traka inayotuma kila dakika inaweza kuvuka duara la mita 50 bila kuacha alama hata moja ndani yake.