MRI ya mgongo: picha nyota tano, ripoti hata nusu nyota siwapi

Kituo sikitaji jina, kipo hapa Dar, kimojawapo cha hivi vya vioo na AC ya kugandisha mifupa, na kabla sijafika mbali niseme kabisa ripoti yao ni takataka. Sio mbaya. Takataka.

Mi mgongo wangu umepinda toka niko sekondari, skoliosisi, yaani nyonga moja imetokeza na magauni yote yananikaa upande, fundi cherehani wangu anajua hata bila kunipima. Miaka imeenda navumilia, ila siku hizi maumivu yanashuka mpaka unyayoni. Daktari wa mifupa akasema digrii za mpindo anazo tayari kwenye eksirei, 46, hizo hupimwa umesimama, anachotaka sasa ni kuziona diski zenyewe, vile vimto vya katikati ya pingili, zipi zimekauka na kama kuna mshipa wa fahamu umebanwa, na hayo eksirei haikuoneshi, ni MRI, ile mashine ya sumaku. Sawa, nikalipa kesh, laki nne na ushee, maana bima walikuwa bado wanajadiliana.

Kwenye mashine sina neno, tena yule kijana nampa hongera zake. Kabla hajaanza akaniambia dada huu mgongo unakwenda na kurudi, nikipiga za ubavuni kama za watu wote pingili nyingine zitatoka nje ya picha, ngoja niufuate, akawa anapanga upya taratibu, akaongeza na za kutokea mbele, akanitilia mto chini ya magoti. Nilitoka mle nasema hawa nitawasifia mpaka kwa majirani.

Afu ripoti. Naifungua palepale dirishani, imeandikwa Kiingereza lakini Kiingereza cha hivyo hata wa fom foo anaelewa, mpangilio wa uti wa mgongo ni wa kawaida. WA KAWAIDA! Nikaangalia jina, langu. Umri, wangu. Nikamuuliza aliyekaa dirishani, samahani kaka, hii kweli ya kwangu? Hata macho hakuyatoa kwenye simu, "ndo hiyo dada, daktari kashasaini." Nikamwambia mbona mgongo wangu umepinda, akanijibu "kwani wewe ni daktari?" Jamani. Na foleni yote ipo nyuma yangu inasikiliza. Nikautoa mtandio begani nikamgeuzia mgongo, nikamwambia haya, na wewe sio daktari, tazama. Mama mmoja kwenye benchi akasema pole mwanangu. Yule wa dirishani sasa, anasema anayesoma picha hakai pale, anatumiwa kwa mtandao, kama nina malalamiko niandike kwenye kitabu. Kitabu kipo, kalamu haina wino.

Na mtu asije hapa na ile ya "ukilala mgongo unanyooka". Najua, mpindo unapungua ukilala, ndo maana digrii hawapimi kwa MRI. Kupungua sio kuisha. Digrii 46 haziendi popote. Huyo msoma picha alikuwa na ripoti ya mtu mwingine mzima wa afya kwenye kompyuta, akabadilisha jina, akaenda kulala.

Ila sasa hapa ndo nachanganyikiwa. Daktari wangu ripoti wala hakuisoma, aliisogeza pembeni akafungua CD, akawa ananionesha, diski yenye maji inatoka nyeupe, iliyokauka inatoka nyeusi. Zangu za juu nyeupe safi. Za kiunoni, upande ambao mpindo unabana zimepondwa na ule ute wa katikati umesukumiwa upande wa pili, kama embe la kunyonya ukilibana huku linafura kule. Ya L4 na L5, yaani kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno, akaipa daraja la 4 kati ya 5 kwa kipimo cha Pfirrmann, cha kuchakaa kwa diski, imekuwa kijivu cha giza, katikati na pembeni huwezi kutofautisha, na mshipa umebanwa upande uleule wa mguu unaouma. Miaka yote naambiwa mara ni gesi, mara nimekaa vibaya, leo nakiona kitu chenyewe. Nilitaka kulia pale. Akasema picha nzuri sana hizi, wamekupigia wapi? Ningefanyaje, nikataja.

Kwa hiyo lile neno takataka nalirudisha? Nusu. Mashine nzuri, kijana mzuri, hela yangu kwa upande huo haikupotea, na kama daktari wako ni wa kusoma picha mwenyewe nenda tu.

Nilitaka niishie hapo na nyota tatu. Baada ya kuwapigia simu wiki na wiki ripoti mpya imekuja WhatsApp, bila salamu, bila samahani, tarehe ileile ya zamani. Safari hii wameona umepinda. Kushoto, wanasema. Wangu umepinda kulia!

Takataka, yote, nusu yangu naichukua. Na mwakani natakiwa kurudia kipimo na nitaenda palepale, ila nitapiga kwanza niulize zamu ya yule kijana ni siku gani.