Semina ya Kristo katika Agano la Kale hapa Moshi: mama alinyamazishwa kwa swali la haki

Hivi karibuni nililipia na kuhudhuria semina ya jioni kuhusu wokovu wa Kristo ndani ya Agano la Kale, katika ukumbi mmoja hapa Moshi mjini, na ninaandika haya nikiwa bado na hasira. Simshauri mtu yeyote kupeleka fedha zake pale.

Mambo yaliharibika tulipofika Isaya 53. Mwalimu alikuwa ameshatangaza kwamba mtumishi anayepelekwa machinjoni kama mwana-kondoo ni Yesu, na kwamba hapo hapana mjadala. Mama mmoja mtu mzima, aliyeketi mbele yangu, akasimama na Biblia yake ambayo jalada lake limeshonwa kwa uzi mweusi, kidole kikiwa juu ya mstari, akauliza kwa upole: "Samahani mwalimu, mbona sura ya 49 inasema mtumishi huyo ni Israeli? Hapa nabii anamsema nani?" Mwalimu, ambaye mama huyo angeweza kumzaa, akamjibu: "Mama, hayo ni maswali ya wasioamini. Kaa chini." Baadhi ya watu wakacheka. Mama akaketi, akaifunga Biblia, na hakuifungua tena mpaka tulipotawanyika.

Swali lile lilikuwa la haki kabisa. Isaya 49:3 inamtaja Israeli waziwazi, na Rashi, mfasiri mashuhuri wa Kiyahudi wa karne ya 11, aliisoma sura ya 53 kwa njia hiyo. Tena ndilo swali ambalo towashi Mwethiopia alimwuliza Filipo katika Matendo 8, akiwa garini kwenye njia ya Gaza, akisoma sura hiyo hiyo ya Isaya! Filipo hakumkemea. Alianzia kwenye andiko lile lile akamhubiria habari za Yesu, na kabla hawajaachana towashi alikuwa ameshabatizwa. Mwalimu anayetoza ada kwa kufundisha Isaya 53 anawezaje kulisahau hilo?

Hata hivyo, siwezi kusema kwamba semina yote haifai, maana somo la nyoka wa shaba lilinigusa sana. Alituonyesha jinsi walioumwa na nyoka jangwani katika Hesabu 21 walivyomtazama nyoka yule wa shaba wakaishi, jinsi mfalme Hezekia alivyomvunja baadaye kwa kuwa watu walikuwa wakimfukizia uvumba, na jinsi Yesu katika Yohana 3 alivyomtumia kueleza kuinuliwa kwake mwenyewe. Hapo habari ya kale ilisimama kwanza kwa miguu yake, ndipo maana ya Injili ikafuata, nami nilielewa. Hilo ndilo linalozidi kuniudhi: mtu huyu anajua kufundisha, na bado alichagua kumwaibisha mama wa watu.

Ada ya sehemu ya pili, itakayohusu Zaburi, nimeshailipa. Nilikusudia kuisamehe, lakini nimebadili nia. Nitakwenda, na nitauliza kama katika Zaburi ya 16 Daudi alikuwa akijisema mwenyewe. Petro alilishughulikia jambo hilo siku ya Pentekoste mbele ya umati wa Yerusalemu, akajenga hoja kwamba Daudi alikufa, akazikwa, na kaburi lake walikuwa nalo pale pale, kwa hiyo maneno ya kutoachwa kaburini hayakumhusu yeye bali Kristo. Nikiambiwa nikae chini, nitadai fedha zangu papo hapo.