Seti ya poka ya kopo la bati: chipu zinatosha, karata zinaua mkwara

Ukizunguka maduka ya vifaa vya michezo Kariakoo, seti utakayooneshwa kwanza ni ile ya kopo la bati: chipu 200 za rangi tano, pakiti mbili za karata, kitambaa cha kijani na kidude cheupe cha kuonesha nani anagawa. Kwa wanaocheza nyumbani, mshindi akanunuliwa soda na mishikaki, ni seti ya kuanzia. Lakini poka bila mkwara, yaani kuweka dau ukijifanya una karata kali ili mwenzako atupe zake, ni bahati nasibu tu, na mkwara una masharti yake: mwenzako asijue ulichoshika, azione vizuri karata za mezani, na dau lako limuume. Tumeipima seti hii kwa hayo matatu.

Karata ndizo zinazoangusha. Ni karatasi iliyopakwa plastiki juu juu, na joto la Dar hailiwezi. Kwenye poka ya Texas, ambapo kila mtu ana karata mbili za siri na tano za wote hufunuliwa mezani (tatu kwanza, kisha moja moja), mchezaji hulaza karata zake mbili mezani, akazifunika kwa kiganja na kuinua pembe kwa kidole gumba ili achungulie. Vidole vina jasho, pembe inainuliwa tena na tena, mwishowe inabaki na mkunjo mweupe kama kovu. Ree huchunguliwa zaidi kuliko karata yoyote, maana mwenye nayo hataki kuamini macho yake, kwa hiyo ree ndiyo huwahi kupata alama. Hapo mkwara umekufa. Umepandisha dau ukijifanya una ree ya shupaza, kumbe pembe yake iliyokunjika imelala juu ya fungu la mgawaji na meza nzima inaiona.

Inua karata moja mbele ya taa uone kasoro ya pili: nyekundu na nyeusi zinajitofautisha hata kwa nyuma. Anayeshika karata usoni kama kwenye lasti kadi, taa ikiwa juu nyuma yake, anawaonesha wenzake nusu ya siri. Na wale waliozoea kuzipigiza mezani kwa kishindo watazimaliza kwa wiki chache.

Dawa ni kununua kando pakiti moja ya plastiki tupu. Muulize muuzaji hivyo hivyo, maana zilizopakwa nazo huitwa za plastiki. Kunja karata moja taratibu kisha iachie: ya plastiki tupu inarudi bapa papo hapo, ya karatasi inabaki na mgongo. Chagua zenye namba kubwa pembeni. Karata ya mezani isiyosomeka kutoka upande wa pili haimtishi mtu. Zikichafuka, zifute kwa kitambaa chenye maji kidogo na uzikaushe kabla ya kuzirudisha kwenye boksi.

Chipu ni nyepesi sana, gramu chache tu, wakati zile nzito za mchanganyiko huwa na gramu 11.5. Uzito si urembo. Chipu inayoteleza kama kifuniko cha soda huwekwa bila kufikiri, na meza ya watu wasiofikiri haitishiki. Nyingine zina ncha ya plastiki iliyobaki ukingoni, ndiyo maana mnara wa chipu 20 unainama. Pitisha msasa laini, basi. Tatizo kubwa ni kijani na bluu, ambazo chini ya taa ya njano karibu zinafanana. Mtu akidhani umeweka 25 kumbe ni 50, dau lako halijasema ulichotaka liseme. Kwa hiyo tamka kiasi kwa sauti, kisha weka chipu zote kwa mkupuo mmoja.

Mkiwa sita, kila mmoja apewe nyeupe 6 za 1, nyekundu 6 za 5 na kijani 6 za 25. Jumla ni 186, na kwa madau ya lazima ya 1 na 2 kila mtu ana mtaji wa kulipa lile kubwa, la 2, mara 93. Bluu na nyeusi zibaki akiba. Msigawe kila kitu mwanzoni, wala msianze na mtaji wa kulilipa mara 20 tu: aliyebakiwa na chipu chache hatishiwi nyau, anatumbukiza zote na kusubiri bahati.

Meza ya dau dogo ina tabia moja: watu wamekuja kucheza, hawakuja kutupa karata. Mwenye jozi ndogo atalipa tu ili aone. Ndiyo maana mkwara kwa watu watatu ni hasara. Hata kila mmoja akiwa anatupa mara 6 katika 10, wote watatu kutupa pamoja ni kama mara 22 katika 100. Akibaki mmoja, hesabu inageuka. Katikati pana 20; ukiweka 10, inatosha akimbie mara moja katika tatu ili usipoteze. Ukiweka 20, lazima akimbie nusu ya mara zote.

Ila dau liwe na hadithi moja tangu mwanzo. Ulipandisha kabla karata hazijafunuliwa, akafuata mmoja. Zikaja 7 ya kopa, 4 ya pau na 2 ya uru; ukaweka, akalipa. Ya nne ikawa ree, naye akagonga meza bila kuweka kitu. Weka tena hapo, kwa sababu ree inalingana na ulichokuwa ukisema, na mwenye jozi ya 7 atajiuliza. Ingekuja 4 nyingine, usingekuwa na la kumwambia. Mkwara bora una akiba, yaani nafasi ya kushinda hata akilipa: ukiwa na karata nne za aina moja, na mbili bado hazijafunuliwa, utakamilisha tano kama mara 35 katika 100. Ikibaki moja, ni kama 20. Na aliyetoka kupoteza fungu kubwa usimguse, huyo atalipa chochote arudishe chake.

Kitambaa hutoka koponi na mikunjo inayobinua karata wakati wa kugawa. Kipige pasi ya moto mdogo huku umekifunika na khanga.

Bei ni ya kupatana. Kabla hujatoa hela, fungua kopo mbele ya muuzaji: chipu 40 kwa kila rangi, karata 13 kwa kila aina katika kila pakiti, bila kuhesabu majoka.