Rulema za 6204 zenye mpira kwenye chukudu: uzoefu wangu

Rulema (beringi) hizi ni za magurudumu ya chukudu yangu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Nilizinunua Birere, mjini Goma, aina ya 6204-2RS, yaani zenye kifuniko cha mpira pande zote mbili, kwa bei iliyokaribia mara mbili ya zile za wazi, zisizo na kifuniko. Muuzaji mwenyewe alinikataza. Alizungusha ya wazi kwa kidole, ikazunguka hadi tukachoka kuitazama. Ya mpira ikasimama papo hapo. "Unaona, papa? Hii ni nzito."

Jaribio hilo linadanganya wengi. Ya mpira husimama mapema kwa sababu imejaa grisi, na ukingo wa mpira unasugua pete ya ndani. Msuguano huo mdogo hauongezeki sana ukipakia mzigo, kwa hiyo barabarani huusikii. Ile ya wazi ni nyepesi mkononi kwa sababu ni kavu. Ipeleke Kibumba, kaskazini mwa Goma, vumbi la volkano liingie kati ya gololi, ndipo utaisikia inavyosaga.

Kabla ya hapo nilikuwa na ekseli ya chuma ndani ya tundu la mbao. Hebu tupige hesabu. Chukudu na viazi vyake, kilo 300, hukandamiza kwa niutoni (kipimo cha nguvu) kama 3,000. Chuma kikisugua mbao kavu, tuseme kwa kipimo cha msuguano cha 0.3, unapata niutoni 900. Bahati nzuri msuguano huo unashika kwenye ekseli yenye nusu kipenyo cha sentimeta 1, na gurudumu lina 20, kwa hiyo wewe unasukuma niutoni 45 tu. Tu! Siku nzima! Rulema ya gololi ina kipimo cha kama 0.0015, kwa hesabu ileile haifiki hata niutoni moja.

Mlimani usitarajie miujiza. Mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100 unadai niutoni 150 kwa mzigo huohuo, na hakuna rulema inayopunguza uzito. Kwenye mteremko nako chukudu sasa inakimbia zaidi, basi badilisha kwanza kile kipande cha tairi unachokanyagia breki nyuma.

Fundi akizifunga, msimamie. Nyundo igonge pete ya nje inayokaza kwenye gurudumu. Akigonga ya ndani, gololi zinaacha alama kwenye njia yake na rulema mpya inaanza kulia siku hiyohiyo.

Anayebeba bidoni (madumu) za maji mtaani tu, za wazi zenye grisi zinamtosha.