"Blink": kibandani au chumbani?

"Blink", kipindi cha Doctor Who (mfululizo wa TV wa Uingereza kuhusu Daktari, msafiri wa wakati) kilichorushwa Uingereza Juni 2007, kina sanamu za malaika zinazokusogelea pale tu usipozitazama. Katika kibanda cha video hapa Kampala, VJ, yaani msimulizi wa filamu, anatafsiri kwa Kiganda juu ya sauti yenyewe na kutia chumvi anavyotaka. Taa ya chumba cha chini ikianza kuzimikazimika, benchi zima linapiga kelele: usifumbe macho! Raha tupu. Ila utisho wa kipindi hiki uko kwenye ukimya, na VJ hanyamazi. Kwa sisi wa Kiswahili, Kiganda cha kasi ile nacho ni mtihani.

Chumbani, na spika za masikioni, malaika aliyekuwa ameziba uso sasa amenyoosha mkono, na hakuna wa kukuchekesha. Tena unashika ule mchezo wa wakati: Daktari, aliyekwama 1969, anamjibu Sally Sparrow, msichana mhusika mkuu wa kipindi hiki aliye 2007, kupitia DVD. Kibandani hapo utasikia tu, "Amesemaje?"

Mara ya kwanza, tazama chumbani; marudio, kibandani. Hata kama hujawahi kuutazama mfululizo huu ulioanza 1963, hutapotea: Daktari mwenyewe haonekani sana humu.